Kabla hujasema umeibiwa kura: safari ya kumfikia jaji

Kila uchaguzi ukiisha hapa Tanzania simu yangu haipoi. "Wakili, tumeibiwa, twende mahakamani." Na mimi swali langu la kwanza huwa sio nani kakuibia, huwa nauliza zimebaki siku ngapi na una shilingi ngapi. Watu wanalichukia sana hilo swali, kuna mmoja alinikatia simu kabisa, alihisi na mimi nishanunuliwa.

Baada ya uchaguzi wa 2015 alikuja ofisini kwangu mzee mmoja aliyegombea ubunge akashindwa. Alikuja na mfuko wa rambo (enzi hizo rambo bado halali) umejaa fomu 21B, ile karatasi ya matokeo ya ubunge ambayo wakala anapewa pale kituoni kura zikishahesabiwa. Alikuwa kazipanga kata kwa kata, kazibana na pini za nguo. Pini za nguo! Nimeshika mafaili ya mawakili wakubwa hayajapangwa vile. Nikamwambia mzee wangu, ushahidi unao, ila sheria inakupa siku 30 tu tangu matokeo yatangazwe kufungua shauri, zimebaki tisa, na bado kuna dhamana ya gharama za kesi, inaweza kufika milioni tano kwa kila mjibu maombi. Na wajibu maombi kwa kawaida ni watatu, yaani aliyetangazwa mshindi, msimamizi wa uchaguzi na Mwanasheria Mkuu. Akapiga hesabu kwa vidole. Milioni 15. Akakaa kimya, alafu akaniuliza, "Kwahiyo kuibiwa ni bure ila kulalamika ndo kuna kiingilio?"

Sikuwa na jibu la haraka, nikamsimulia kesi ya Ndyanabo, na naomba niwasimulie na nyie maana bila hiyo mambo yangekuwa mabaya zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2000 sheria ilirekebishwa ikasema shauri la uchaguzi halipangiwi tarehe ya kusikilizwa mpaka mlalamikaji aweke mahakamani milioni tano taslimu. Huna, kesi yako inalala masijala mpaka uzeeke. Julius Ndyanabo, ambaye naye aligombea ubunge mwaka huo, akapinga kwamba hicho kifungu kinavunja Katiba. Mahakama Kuu ikamgomea. Akapanda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2002 Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake wakakifuta, wakasema haki ya kusikilizwa haiwezi kuwa ya wenye uwezo tu, na humo ndimo Samatta aliposema Katiba ni kitu hai, kina roho yake. Wanafunzi wa sheria wanaimeza hiyo sentensi kabla ya mtihani na ikiisha wanaisahau, ila mimi naona cha maana kilikuwa ni ile hela.

Sasa angalia kilichofuata. Sheria ilirekebishwa tena, milioni tano ikarudi, safari hii kama kiwango cha juu kwa kila mjibu maombi, ila ukapewa nafasi ya kumuomba jaji apunguze au akusamehe. Ndo mlango tuliopita na yule mzee wangu. Tukaomba, tukapunguziwa, ndugu zake wakachanga, kesi ikasikilizwa mpaka mwisho. Hatukushinda. Zile fomu lakini zilisomwa moja moja mbele ya jaji, na wasimamizi wa vituo wakapanda kizimbani kuulizwa mwandiko ni wa nani.

Ndo maana nasema sheria yetu ya uchaguzi imeandikwa na watu wawili wanaonyang'anyana kalamu, Mahakama na Bunge. Na mahali utauona huo mchezo mchana kweupe ni kwa Mchungaji Christopher Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani. Watu wanamkumbuka kwa maneno yake makali, sisi wanasheria tunamkumbuka kwa mafaili. Alidai kitu kimoja, mtu aruhusiwe kugombea bila kuwa mwanachama wa chama chochote. Tarehe 24 Oktoba 1994, pale Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira akamkubalia, akasema raia anayo haki ya kushiriki utawala wa nchi yake na huwezi kumlazimisha apitie chama. Wakati jaji anasoma hukumu muswada wa kubadili Katiba ili kuizima ulikuwa ushafika bungeni, na Desemba ukapita.

Chukua Katiba yako, fungua Ibara ya 21(1). Haianzi na haki, inaanza na "Bila ya kuathiri masharti ya Ibara ya 39, ya 47 na ya 67". Unaisoma unaona maneno ya kawaida tu ya kisheria yale ya kuchosha, kumbe ndo kufuli lenyewe, kwasababu ukienda kwenye hizo ibara unakuta mgombea lazima awe mwanachama na apendekezwe na chama. Yaani haki imebaki palepale, wameitangulizia tu sentensi mlangoni.

Mtikila hakuchoka. Akarudi, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena ushindi. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 wakakaa majaji saba wa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema mahakama haina mamlaka ya kuitamka ibara ya Katiba kuwa ni batili, hili ni suala la kisiasa, nendeni bungeni. Kwa heshima zote kwa waheshimiwa mimi sijawahi kuridhika na hiyo hukumu, unamwambiaje mtu arudi kwa yuleyule aliyemfungia mlango? Ila naelewa waliogopa nini. Mahakama ikianza kufuta ibara za Katiba, itasimamia wapi?

Akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 14 Juni 2013 akashinda. Ramadhani mwenyewe wakati huo alikuwa jaji hukohuko Arusha, ila kanuni hazimruhusu jaji kukaa kwenye kesi ya nchi yake, kwahiyo akawa pembeni wenzake wanaamua kinyume na alichoamua yeye Dar. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari maeneo ya Chalinze tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Mgombea binafsi mpaka leo hayupo.

Msidhani mahakama za ndani zinashindwa siku zote. Nani anaikumbuka takrima? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliongezewa vifungu vya kusema ukarimu wa kawaida na wa kiasili wa mgombea kwa wapiga kura sio rushwa. Pilau, soda, khanga, sijui nauli ya kurudia nyumbani, vyote ukarimu, Mswahili hamnyimi mgeni! Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu vikafutwa, majaji wakaona vinambagua mgombea asiye na kitu na vinafungua njia ya rushwa. Pilau haikuisha, tusidanganyane, ila tangu siku hiyo anayeligawa hana tena kifungu cha kujifichia. Na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu kilichokuwa kinamnyima kura mfungwa mwenye kifungo cha zaidi ya miezi sita.

Kesi ya wakurugenzi nitaipitia mbiombio. Mwanaharakati Bob Wangwe alipinga wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, kusimamia uchaguzi. Mei 2019 akashinda Mahakama Kuu, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaigeuza, akaenda Arusha akashinda Juni 2023. Umeona njia ni ileile ya Mtikila? Tatizo ni kwamba Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu raia kwenda Arusha moja kwa moja, na baada ya mwaka mmoja ikaanza kutumika, kwahiyo waliowahi kufungua kesi zao ziliendelea, wewe wa leo njia hiyo huna.

Alafu kuna swali ambalo lazima mtu aniulize nikimaliza kueleza haya yote, mara nyingi ni kijana aliyefuatilia Kenya Septemba 2017, pale Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walipofuta matokeo ya urais na kuamuru uchaguzi urudiwe. "Wakili, na sisi urais je?" Mahakama ya Afrika ilishasema Julai 2020, kwenye kesi ya Jebra Kambole, kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu, ile ya kuchaguliwa kwa Rais, inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu na irekebishwe. Mimi huwa sielezi sana. Nafungua Katiba ukurasa wa hiyo ibara, namgeuzia, anasoma mwenyewe: "hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake". Wengi wanarudia kuisoma mara ya pili.