Picha nyepesi, rangi zisichafuke

Mtu akiniambia tovuti yake ni nzito, mara nyingi ameshahangaika na picha mwenyewe. Ameshusha ubora wa JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, hadi 40, picha imechakaa, na bado ukurasa unasuasua. Ameanzia pasipofaa.

Kitu cha kwanza kupunguza ni pikseli, zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Ikiwa kwenye ukurasa itakaa katika upana wa 800, inayohitajika ni ya 800 kwa 600, yaani pikseli 480,000 badala ya milioni 12. Umepunguza mara 25 kabla hata ya kugusa ubora. Skrini za simu nyingi za sasa zina pikseli zilizosongamana, kwa hiyo huwa natengeneza na nakala ya upana wa 1600, kisha kwa srcset, sehemu ya HTML inayoorodhesha nakala za picha, naiachia brauza ichague inayoifaa.

Ukishafanya hivyo ndipo uje kwenye ubora. Ile 80 unayoiona kwenye programu si asilimia. Ni kiwango tu cha ukali wa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivishiki, na kila programu ina kipimo chake. Kwa picha za kawaida nakaa kati ya 75 na 85. Ukipanda kutoka 90 hadi 100 faili linavimba sana, na mtazamaji haoni tofauti.

Kuna picha zinazokataa kanuni hiyo, na mfano wangu ni kanga. JPEG huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini kwa kawaida rangi huzifanya pikseli nne zigawane moja, kwa sababu jicho letu ni hodari zaidi kwa mwangaza kuliko kwa rangi. Kwenye uso wa mtu au mawimbi ya bahari hutagundua lolote. Sasa chukua kanga nyekundu yenye pindo jeusi, uikuze pale kwenye jina: kingo za herufi zina ukungu, nyekundu imevujia kwenye weusi. Mara nyingi kupandisha ubora peke yake hakuondoi tatizo hilo. Tafuta kwenye programu yako mpangilio wa 4:4:4, unaoipa kila pikseli rangi yake. Faili litaongezeka, na ongezeko hilo nalikubali bila kusita, maana mnunuzi wa kanga anachagua kwa rangi na kwa jina.

Hapo ndipo WebP, aina ya faili la picha iliyotolewa na Google mwaka 2010, inaponikwamisha. Ni nyepesi kuliko JPEG kwa picha nyingi, lakini ikibana kwa kupoteza data, hubana rangi kwa 4:2:0 tu, yaani ule mtindo wa pikseli nne kugawana rangi moja. AVIF, aina nyingine mpya zaidi, inakubali 4:4:4, na kwa vitambaa ndiyo ninayoitumia, nikiweka JPEG pembeni kwa ajili ya brauza za zamani.

Nembo ziwe SVG, inayochora kwa mistari badala ya pikseli; picha za skrini ziwe PNG, inayobana bila kupoteza data.

Mwisho, asili ya picha. Wauzaji wengi hunitumia picha kwa WhatsApp, na zinafika zimeshabanwa. Nikizibana tena, kasoro zinapandiana. Waombe wazitume kama hati, utunze faili hilo la asili, na kila nakala mpya uitoe humo, kamwe si kutoka kwenye JPEG uliyokwisha kuibana.