Ufuatiliaji wa kituo cha kupoza umeme kwa faiba

Ni utaratibu wa kukiangalia na kukiamuru kituo cha kupoza umeme, yaani kinachobadilisha volti na kugawa umeme, kutoka mbali, taarifa zikisafiri kama mwanga ndani ya nyuzi nyembamba za kioo.

Kinachofuatiliwa ni joto la mafuta na koili za transfoma, shinikizo la gesi ndani ya breka kubwa (swichi za kukata umeme), volti na ampea za kila laini, na breka ipi imefunga, yaani inapitisha umeme, au imefungua, yaani imeukata. Vihisio hupeleka ishara kwenye kifaa kilichomo kituoni, nacho huzituma kwa mwanga hadi chumba cha udhibiti. Kwa gridi ya taifa ya Tanzania, chumba hicho kiko Ubungo, Dar es Salaam. Amri za kufungua au kufunga breka nazo hupita njia hiyohiyo.

Wengi hudhani faiba imechaguliwa kwa ajili ya kasi. Kasi ipo: mwanga ndani ya kioo hukata karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Laini ya kilovoti 400 ya Iringa hadi Shinyanga, yenye kama kilomita 670, ungeimaliza kwa milisekunde 3 na ushei, ilhali wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Lakini hata shaba si goigoi. Sababu nzito ni kwamba kioo hakipitishi umeme.

Laini ikipiga shoti karibu na kituo, mkondo mkubwa huingia ardhini kupitia athi (nyaya za kituo zilizozikwa), na ardhi yenyewe ya kituo hupanda volti, pengine maelfu, kuliko ardhi ya mbali. Waya wa simu wa shaba unaotoka hapo kwenda mjini huzibeba volti hizo. Huweza kuunguza vifaa vya upande wa pili, hata kumjeruhi mtu. Ongeza vurugu za kisumaku breka zinapofunguka. Yaani mawasiliano huharibika wakati uleule yanapotakiwa kuliko wakati wowote. Faiba haisikii lolote kati ya hayo.

Na wala haihitaji kuchimbiwa mtaro. Tazama mnara wa laini kubwa: waya wa juu kabisa haubebi umeme wa wateja, upo kukinga radi. Katika laini nyingi za siku hizi, katikati ya waya huo mna kijibomba chenye nyuzi za kioo. Nyuzi zinazobaki hupewa kazi nyingine. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao wa faiba wa Tanzania, umepitishwa kwa sehemu kwenye nyuzi za TANESCO, shirika la umeme la nchi hiyo.

Udhaifu wake ni kukatika. Ndiyo maana hupendekezwa njia ziunde mzunguko, ili taarifa zizungukie upande wa pili. Kifaa cha kupima mwanga unaorudi humwonyesha fundi umbali wa mahali palipokatika, ila kuuparamia mnara na kuunga nyuzi huweza kulazimu laini nzima izimwe kwanza.