Kompyuta Ikiganda, Usikimbilie Kupiga Windows

"Fundi, inaganda. Nipigie Windows tu."

Sentensi hii, yaani nifomati niweke Windows upya, nimeisikia mara nyingi mno, na kila nikiisikia damu inachemka. Aliyeniletea mashine mwezi huu alikuwa ameshapigiwa Windows mara tatu kwa mafundi tofauti. Kila mara ilitulia wiki mbili hivi, kisha ikarudia yale yale: mausi inasimama, saa ya kwenye skrini haisogei, na kama kulikuwa na wimbo, sauti inakwama kwenye kipande kimoja na kuunguruma mfululizo. Hapo hakuna la kufanya ila kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime. Alitaka nipige ya nne. Hakuja kuuliza ugonjwa, alikuja na dawa mkononi akitafuta mtu wa kumnywesha mgonjwa.

Nimeamua kuandika, maana kumweleza mmoja mmoja nimechoka.

Mashine yenyewe aliiunga kwa mikono yake miaka mingi iliyopita: prosesa ya Intel ya kizazi cha Haswell, RAM ya DDR3 vipande vinne vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti, SSD ya mfumo, hadi diski ya mafaili, na pawa saplai aliyoirithi kutoka kwenye kompyuta ya kabla yake. Hiyo pawa saplai iweke akilini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayaita kwa jina moja. Kuna programu kuganda, na kuna mashine kuganda. Programu ikiganda, mausi inatembea na unaweza kuifunga kwa Task Manager. Mashine ikiganda, kila kitu kinasimama. Kipimo chake ni cha sekunde moja na hakuna anayekitumia: bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiitikia, mfumo ungali hai, kuna kitu tu unakisubiri, na mara nyingi kitu hicho ni diski. Jaribu pia Windows+Ctrl+Shift+B, inayoanzisha upya draiva (programu inayoiendesha) ya kadi ya picha. Skrini ikirudi, umeshajua pa kuanzia. Taa isipoitika kabisa, basi tatizo liko chini zaidi, na hapo ndipo kufomati kunapogeuka kupoteza muda.

Lakini mbona huwa inatulia baada ya kupigwa Windows? Swali hili ndilo linalonitesa, kwa sababu mwenye mashine ana ushahidi wa macho yake. Aliona. Ilitulia kweli. Nami simbishii alichokiona, nambishia sababu anayoitaja.

Chukua hadi diski iliyoanza kuchoka. Sekta, yaani kijisehemu cha diski kinachohifadhi data, ikishindwa kusomeka, diski haiitupi papo hapo. Inaiandika kwenye orodha ya sekta zinazosubiri, kwa sababu ndani yake kuna data yako na bado ina matumaini ya kuisoma. Kila mfumo unapoigusa sekta hiyo, diski inajaribu, inajaribu tena, sekunde zinapita, na wewe unaona kompyuta imeganda. Sasa njoo upige Windows. Unaandika gigabaiti kwa gigabaiti. Sekta ile ikiandikwa juu, diski haina tena cha kuokoa: ikiona haishiki, inaiweka kando na kuchukua nyingine kwenye akiba. Kuganda kumeondoka! Fundi anasifiwa. Diski ingali inakufa, na ikipata sekta nyingine mbovu mtaonana tena.

Au chukua jambo dogo zaidi. Kompyuta ilikaa chini ya meza miaka mitatu. Ili ipelekwe kwa fundi ikachomolewa nyaya zote, ikabebwa, ikatikiswa, ikafunguliwa, ikapulizwa vumbi, kebo ya SATA ya diski ikachomolewa na kuchomekwa. Kebo iliyokuwa imelegea sasa imekaa sawa. Nani anapewa shukrani? Windows mpya.

Sisemi mfumo hauna kosa kamwe. Draiva mbovu ya kadi ya picha inaweza kuigandisha mashine nzima, na antivirusi mbili zikiwekwa pamoja zinaweza kukabana koo. Kesi hizo zipo na nimezikuta. Ila kupiga Windows hakukuambii kama yako ni mojawapo. Kibaya zaidi, kunafuta kumbukumbu (log) zote za mfumo, yaani ushahidi pekee uliokuwa nao. Ni sawa na kupiga deki chumba kilichoibiwa kabla polisi hawajafika.

Kuhusu virusi sitakaa sana. Virusi vya siku hizi vinataka kompyuta yako iendelee kufanya kazi, vikuibie au vikutoze. Mashine iliyoganda haina faida kwao.

Kabla ya kufuta chochote, fungua Event Viewer, pale Windows inapoonyesha kumbukumbu hizo, utazame dakika za mwisho kabla ya kuganda. Utakuta alama nyekundu ya Kernel-Power 41, na hapa naomba tuelewane, kwa sababu nimeletewa picha za skrini zisizohesabika za alama hii zikiambatana na maneno "fundi, ni umeme." Tukio la 41 linasema kitu kimoja tu: mara ya mwisho kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Bila shaka haikuzimwa kwa utaratibu, umeibonyeza kitufe ukaikata mwenyewe! Hilo ni tokeo. Chanzo tazama kwenye matukio yaliyoandikwa kabla yake kidogo. Ukiona matukio ya diski, namba 7, 129 au 153, nenda kwenye diski na kebo zake. Ukiona WHEA-Logger, vifaa vyenyewe vimelalamika: prosesa, RAM, au kitu kilichochomekwa kwenye sloti ya PCI Express. Usipoona chochote, kumbukumbu zinaenda vizuri halafu kimya, hiyo nayo ni habari. Mashine ilikatika ghafla kiasi kwamba haikupata hata nafasi ya kuandika.

Diski isome kwa SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Namba za kutazama ni 05, C5, C6 na C7. 05 ni sekta zilizokwisha kuwekwa kando, C6 ni zilizoshindikana kusomeka, na C5 ndiyo ile orodha ya sekta zinazosubiri. C5 ikiwa juu ya sifuri, hamisha mafaili yako leo. C7 inahesabu makosa ya njiani kati ya diski na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na mara nyingi mkosaji ni kebo. Kumbuka hesabu ya C7 hairudi nyuma hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo usishtuke kuiona, tazama kama inaongezeka.

"Ongeza RAM" nayo ni dawa ya kila ugonjwa. RAM ikiwa ndogo, mashine inakuwa nzito na diski inasaga bila kupumzika. Taa ya Caps Lock bado itaitika. RAM mbovu ndiyo inayogandisha, na kuongeza kipande juu ya kipande kibovu ni kuongeza mzigo kwa anayeumwa. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu, hakuna kosa dogo. Ikitokea, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ile ile, kisha kipande kizima kwenye kila sloti, maana sloti nazo hufa. Nakiri kitu ambacho vitabu havikisemi wazi: nimeshawahi kuona RAM ikipita Memtest usiku mzima, na bado kuiondoa kukaponya mashine. Ikifeli, amini. Ikifaulu, usiape.

Joto: puliza vumbi huku umeshika panga za feni zisizunguke, badilisha grisi ya prosesa iliyokauka, songa mbele. Prosesa inayochemka, ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza mwendo kwanza, kisha joto likizidi kupanda hujizima. Kujizima na kuganda ni vitu viwili.

Sasa tuje kwenye pawa saplai, kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote katika kompyuta za kuunga. Watu wanabadilisha prosesa, wanabadilisha kadi ya picha, pawa saplai inabaki ile ile kwa hoja kwamba feni inazunguka. Au wanapima kwa multimita, wanakuta volti 12.1, wanaifunga kwa furaha. Kweli, kiwango cha ATX (kanuni za pawa saplai za kompyuta) cha miaka hiyo kiliruhusu laini ya volti 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, na 12.1 imo ndani. Lakini multimita inakupa wastani. Umeme mbaya haushuki tu, unatetemeka, maelfu ya mara kwa sekunde, na mtetemo huo hautauona kwenye namba moja iliyotulia. Kiwango kinataka mtetemo usizidi milivolti 120 kwenye laini ya 12, na milivolti 50 kwenye zile za 5 na 3.3. Kuupima kunahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka, na mafundi wengi hatuna. Ndiyo maana kipimo chetu cha kweli ni pawa saplai nyingine unayoiamini.

Kinachozeeka humo ndani ni kapasita zenye majimaji, vile vijipipa vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme. Kapasita ya kawaida huandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, na kwa kanuni ya kukadiria, kila nyuzi 10 unazopunguza zinaongeza maisha maradufu. Ikifanya kazi kwa nyuzi 65, inafika saa 32,000. Ile ya bei rahisi iliyoandikwa saa hizo hizo 2,000 kwa nyuzi 85, kwenye joto hilo hilo inapata saa 8,000 tu. Kwa matumizi ya saa 8 kwa siku, hiyo ni siku 1,000. Hesabu umri wa yako. Na usiniambie "nimeangalia, hazijavimba." Kuvimba ni dalili, lakini kapasita inaweza kukauka bila kuvimba hata kidogo. Wala usiifungue kuhakikisha: kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Basi mashine ya yule bwana. Nilimuuliza huganda wakati gani. Akasema, "Fundi, hata sielewi, nikicheza gemu haigandi. Nikienda kula nikirudi, naikuta imeganda." Kila mtu hutegemea kompyuta ishindwe ikiwa na kazi nzito. Hii ilishindwa ikipumzika.

Haswell ilipotoka mwaka 2013 ilizidisha uzito wa usingizi wa prosesa, hali zinazoitwa C6 na C7 (si zile namba za SMART), ambamo prosesa inaweza kuvuta ampea 0.05 tu kwenye laini yake ya volti 12. Pawa saplai nyingi za zamani hazikutengenezwa kushika mzigo mdogo kiasi hicho bila kuyumba. Baadhi ya madabodi za prosesa za AMD Ryzen nazo zina mpangilio wa BIOS (programu ya msingi ya madabodi) kwa ajili ya jambo la aina hii, unaoitwa Power Supply Idle Control. Sasa inaeleweka kwa nini Windows mpya ilionekana kuponya: nadhani siku za mwanzo alikuwa anapakua, anaweka programu, masasisho yanashuka, prosesa hailali. Nasema nadhani, kwa sababu sikuwepo.

SMART ya diski zote mbili ilikuwa safi, RAM ilipita usiku mzima, kumbukumbu zilikatika kimya. Nikachomoa diski zote nikaiwasha kwa Linux ya kwenye flashi, nikaiacha bila kazi. Ikaganda kabla ya asubuhi. Hapo Windows ilishaachiwa huru, maana haikuwemo hata ndani ya chumba. (Isingeganda, nisingesema lolote, Linux na Windows haziilazi prosesa kwa namna moja.)

Nikarudisha diski, nikazima C6 na C7 kwenye BIOS. Siku tano, kimya. Nikaziwasha tena, ikaganda usiku ule ule. Nikaweka pawa saplai yangu ya majaribio, nikaacha C6 na C7 zikiwa zimewashwa. Kila hatua nilibadilisha kitu kimoja peke yake, na hili silegezi, kwa sababu ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hujui umeponya nini.

Leo ni siku ya tisa. Awali iliganda kila baada ya siku moja au mbili. Kwa tatizo la kuja na kuondoka, mimi husubiri walau mara tatu ya muda wake wa kawaida kabla ya kufungua mdomo, na muda huo umeshapita. Bado kuna kitu kinanikera. Inawezekana pawa saplai yake ni nzima kiasi, na zilizochoka ni kapasita za madabodi karibu na prosesa, ila umeme safi wa pawa saplai yangu unazibeba.

Mwenyewe anapiga simu kila jioni anataka aichukue, kwa kuwa imepona. Nimemwomba siku chache zaidi. Kesho naihamishia pawa saplai ile ya kwake kwenye madabodi nyingine ya Haswell niliyo nayo hapa, nzima, isiyowahi kuganda, na kuiacha ilale usiku kucha.