Ndege isiyo na rubani: maana yake, na rubani alikokwenda

Mkazi wa Nairobi anapotamka neno droni, mara nyingi huwa na maana ya kile chombo kidogo chenye rafadha nne kinachovuma juu ya arusi au mkutano wa hadhara kikipiga picha, na ambacho mwenyewe hutakiwa kukisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020. Katika habari za vita, jina hilohilo hutumiwa kwa chombo chenye mabawa ya mita 20 na kwa kingine kinachobebwa mgongoni, hata msomaji akadhani anasimuliwa habari za kitu kimoja.

Kiswahili sanifu hukiita ndege isiyo na rubani. Wengine, hasa Watanzania, husema ndege nyuki, na wamebahatisha vizuri, kwa sababu neno la Kiingereza lenyewe ni jina la nyuki dume, nalo huhusishwa na ndege ya kufanyia mazoezi ya shabaha ambayo Waingereza waliiunda mwaka 1935 na kuiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Lile jina la ndege isiyo na rubani ni sahihi kwa anayechungulia ndani ya ndege tu. Rubani yupo, ameshushwa na kuketishwa mahali pengine.

Marekani ilipoanza kufyatua makombora kutoka kwenye ndege za Predator nchini Afghanistan, Oktoba 2001, waendeshaji walikuwa Marekani kwao, wakiiongoza ndege kwa mawimbi ya setilaiti. Mawimbi hayo huchelewa kidogo njiani, na kwa sababu hiyo kazi ya kuipaisha na kuitua iliachiwa kikosi kilichokuwa karibu na uwanja. Mtu akishaondolewa ndani, ndege haihitaji tena kiti wala hewa ya kupumulia, na mwendeshaji akichoka humpisha mwenzake huku chombo kikiendelea kuzunguka juu ya shabaha ileile. Bayraktar TB2 ya Uturuki, ambayo Azerbaijan iliitumia mwaka 2020 kuteketeza vifaru na mitambo ya ulinzi wa anga ya upande wa Armenia, yaweza kukaa angani saa 27. Kwa maoni yangu, huko kukaa ndiko kulikobadilisha vita kuliko kombora lenyewe, kwa kuwa anayetazamwa mchana kutwa hana tena nafasi ya kujificha wala ya kujikusanya.

Badiliko lililofuata ni la bei. Shahed-136, iliyobuniwa Iran na kuanza kutumiwa na Urusi nchini Ukraine mwaka 2022, hairudi ilikotoka: huelekezwa kwenye shabaha iliyopangwa kabla haijaruka, kisha hujilipua hapo. Injini yake hunguruma kama pikipiki na mwendo wake si wa kutisha, lakini makadirio ya gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola, ilhali kombora moja la Patriot, mfumo wa Kimarekani wa ulinzi wa anga, linaloweza kuidungua hugharimu mamilioni. Chini zaidi kuna vile vyombo vidogo ambavyo mwendeshaji huviongoza akiwa amevaa miwani inayomwonyesha kile kamera inachokiona. Kimoja hugharimu dola mia kadhaa, bei ambayo jijini Nairobi haitoshi kununua pikipiki mpya ya bodaboda, na huangamiza kifaru cha mamilioni. Juni 2025 Ukraine ilificha vyombo vya aina hii ndani ya malori, ikavifyatulia viwanja vya ndege vya kijeshi vilivyo ndani kabisa ya Urusi, kimoja kikiwa mkoani Irkutsk, Siberia.

Bei hiyo ndiyo iliyozileta silaha hizi hadi kwa majirani zetu, mahali ambapo jeshi la anga lilikuwa mali ya serikali chache. Ethiopia ilizitumia katika vita vya Tigray, na Januari 2022 shambulio dhidi ya kambi ya waliohama makwao huko Dedebit liliua makumi ya watu. Nchini Sudan, bandari ya Port Sudan, iliyokuwa kimbilio la serikali na la raia, ilishambuliwa kwa droni mfululizo mwezi Mei 2025.

Udhaifu wa silaha hii ni ule uzi usioonekana unaoiunganisha na mwendeshaji. Mawimbi yakivurugwa, chombo hupotea njia au huanguka. Jibu moja limekuwa kukifunga waya mwembamba wa faiba, ndugu wa ule unaotuletea intaneti majumbani, ambao hujikunjua kwa kilomita nyingi nyuma yake na hauvurugiki kwa mawimbi. Jibu la pili ni kukipa chombo programu ya kuitambua shabaha na kumalizia safari peke yake, na hapo ndipo jina tulilokuwa nalo linapoanza kuwa kweli. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia, na Katibu Mkuu António Guterres ametaka uwepo mkataba wa kuzidhibiti ifikapo 2026. Sheria za vita tulizo nazo, ikiwemo Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, humtaka anayepanga shambulio ahakikishe kwanza kwamba anayelengwa si raia, na ziliandikwa zikichukulia kwamba anayepanga ni mtu.