Asali, chavua na maziwa ya nyuki kwa mwanamichezo

Wanamichezo ninaowashauri kuhusu lishe huniletea makopo ya mazao ya nyuki wakiuliza lipi litawaongezea kasi, na mara nyingi lililo ghali zaidi ndilo lenye ushahidi hafifu zaidi. Ninaloweza kulitetea ni asali, ambayo wengi wao huiona kitu cha kawaida mno.

Takribani asilimia 80 ya uzito wa asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kijiko kikubwa chenye gramu 21 hutoa gramu 17 hivi za wanga. Sukari hizo mbili huvuka ukuta wa utumbo kwa njia tofauti: njia ya glukosi huelemewa inapofika gramu 60 hivi kwa saa, lakini fruktosi ikiambatana nayo, mwili huweza kutumia hadi gramu 90. Kwa anayekimbia au kuendesha baiskeli zaidi ya saa mbili na nusu, tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, fruktosi ya asali huizidi glukosi yake na huwavuruga tumbo baadhi ya watu; kwa hiyo nasisitiza ijaribiwe mazoezini kwanza, ikichanganywa na maji, wala si siku ya mashindano.

Chavua ina protini na vitamini, ila kwa kiasi kinacholiwa, yaani kijiko kimoja au viwili, mchango wake ni mdogo kando ya mlo wa kawaida, na majaribio hayajaonyesha kwa uhakika kwamba huongeza kasi au stamina. Maziwa ya nyuki, yaani majimaji meupe ambayo nyuki vibarua huyatoa kuwalisha mabuu, huuzwa kwa hoja kwamba ndiyo yanayomfanya buu awe malkia. Ni kweli, lakini msuli wa mkimbiaji si buu. Gundi ya nyuki, yaani utomvu wa mimea ambao nyuki huzibia nyufa za mzinga, huua baadhi ya bakteria maabarani, jambo lisilohusiana na kasi.

Hatari zipo pia. Chavua inaweza kuleta mzio mkali, hata wa kutishia maisha, hasa kwa mwenye pumu au mzio wa maua. Vilevile virutubisho vya kiwandani huweza kuchanganyika na dawa zilizopigwa marufuku, na chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, mwanamichezo huwajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Anayepimwa mara kwa mara namwambia achague bidhaa ambayo kila toleo lake limepimwa na maabara huru, au aishie kwenye asali tupu.