Je, wajua kwa nini seli kinga changa hutafutwa kutibu saratani kuliko zile kali?

Kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, anayoonyesha msafiri pale uwanja wa ndege wa Entebbe zamani ilikuwa na mwisho wake: miaka 10, kisha unachanjwa upya. Tangu tarehe 11 Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nayo, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2013 kwamba kwa watu wengi dozi moja ya chanjo ya homa ya manjano hutosha. Ni kitu gani basi mwilini kinachoikumbuka sindano moja kwa miongo kadhaa?

Wengi hujibu kingamwili, na hawajakosea. Sehemu kubwa ya kazi ni yao. Kosa huanzia kwenye seli T, chembe nyeupe za damu ambazo baadhi yake huua seli zilizoingiliwa na virusi. Hudhaniwa kwamba seli T ya kumbukumbu ni ile iliyoua sana, ikanusurika, ikabaki na ukali wake ikimsubiri adui arudi. Dhana hii ina mvuto kiasi kwamba hata maabara ziliishi nayo. Kwa ajili ya kutibu saratani, seli T zilikuzwa wiki nyingi kwenye IL-2, mojawapo ya saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kupeana ishara, hadi zikawa mabilioni na kali kwelikweli, ndipo akapewa mgonjwa. Mwaka 2005 majaribio ya panya yakatoa jibu la ajabu: seli zilizoua vizuri zaidi kwenye sahani ya maabara ndizo zilizoshindwa zaidi kuondoa uvimbe mwilini. Hazikudumu.

Chanjo ya homa ya manjano, iitwayo 17D, ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Baada ya wiki mbili hivi seli T zinazovitambua hufika kilele, kisha sehemu kubwa hufa. Ni kama shamba la matoke. Mgomba ukizaa mkungu wake mmoja hukatwa, na shamba huendelea kwa machipukizi. Seli T inayoua ndiyo mgomba wenye mkungu: kazi yake yaonekana, na mwisho wake uko karibu. Anayeendeleza ukoo ni seli T ya kumbukumbu yenye tabia ya seli shina, yaani seli inayoweza kujizalisha na kutoa seli za aina nyingine, iliyoelezwa kwa binadamu mwaka 2011. Tena mkulima wa Masaka hachukui chipukizi lolote. Lile lililowahi kutoa majani mapana linapendeza macho, lakini tunguu lake ni dogo na limeshikana hafifu na mama yake. Huchagua lenye majani membamba kama upanga, kwa sababu nguvu yake imo chini ya udongo. Kwa seli pia, inayoonekana imekomaa huwa imeshatumia akiba. Inayoonekana haijafanya lolote ndiyo bado inayo.

Akiba hiyo inapimika. Seli hii changa ina protini TCF-1 kwa wingi, inayolinda uwezo wa kujigawa tena na tena. Telomea zake, yaani ncha za kromosomu, bado ni ndefu. Ina kipokezi CCR7 kinachoiingiza kwenye tezi za limfu, wakati seli kali huzurura kwenye tishu. Seli za namna hii zimepatikana kwa watu waliochanjwa 17D miaka 25 nyuma.

Hapa mfano wa mgomba unafika mpaka wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu waliochanjwa 17D walikunywa maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, ili DNA iliyotengenezwa siku zile ibaki na alama. Miaka baadaye seli zao za kumbukumbu bado zilikuwa na alama hiyo, zilikuwa zikijigawa chini ya mara moja kwa mwaka, na jeni zao za kuua zilikuwa kimya lakini wazi. Kumbe angalau baadhi zilipita hatua ya kuua kisha zikarudi nyuma, jambo ambalo chipukizi haliwezi. Kama zote hupita njia hiyo, au nyingine hujitenga mapema, wataalamu bado wanabishana.

Kwa tiba ya CAR-T, ambamo seli T za mgonjwa huwekewa kipokezi cha kutambua saratani, iliyoidhinishwa kwanza Marekani mwezi Agosti 2017, jambo hili huamua mengi. Mashine huchuja chembe nyeupe na kumrudishia mgonjwa damu iliyobaki. Seli T huamshwa kupitia protini za juu yake ziitwazo CD3 na CD28, lentivirasi (kirusi kilichogeuzwa kuwa mbebaji wa jeni) huingiza jeni la kipokezi kipya, na seli hukuzwa siku kadhaa kabla ya kugandishwa. Kila siku ya ziada ya kukuza huongeza idadi na kupunguza ujana. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia saitokini nyingine, IL-7 na IL-15, badala ya IL-2, na nyingine hufupisha ukuzaji. Shida ngumu zaidi ni mgonjwa aliyepitia kemotherapia mara nyingi: seli changa za kuanzia huwa chache, na hakuna saitokini inayozirudisha zote. Wala ujana si kila kitu. Wagonjwa wawili waliotibiwa mwaka 2010 walikutwa na seli za CAR-T muongo mmoja baadaye, na zilizotawala zilikuwa za aina ya CD4, ambazo kwa kawaida huwa wasaidizi, lakini hizi zilikuwa na uwezo wa kuua, jambo ambalo wachache walilitarajia.

Kwa mgonjwa aliyeishiwa seli changa, ndipo seli shina zinapoingia. Mwaka 2013 makundi mawili ya Japani yalichukua seli T zilizokomaa, yakazirudisha hadi hali ya seli shina kwa mbinu ya mwanasayansi Shinya Yamanaka ya kurudisha seli iliyokomaa utotoni, kisha yakazikuza upya kuwa seli T. Uchovu ulifutika, lakini jeni la kipokezi kinachomtambua adui lilibaki, kwa kuwa lilikwisha kukatwa na kuungwa ndani ya DNA. Seli iliyomtambua adui fulani hutoa maelfu ya vijana wanaomtambua yuleyule.

Makosa ya kazi hii yanajulikana. Bila mazingira ya tezi ya thaimasi, ambamo seli T hukomaa, seli nyingi hutoka na CD8, protini inayosaidia kushika shabaha, ya minyororo ya alfa mitupu, zikawa dhaifu katika kutambua shabaha; zinahitaji alfa na beta. Seli shina chache zikisalia kwenye chupa zinaweza kuota uvimbe, hivyo kila kundi hupimwa kabla ya kutolewa. Na ukiondoa HLA, protini zinazoitambulisha seli ni ya nani, ili mwili wa mpokeaji usizikatae, seli NK, walinzi wengine wa kinga, huziona hazina kitambulisho na kuziua, kwa hiyo hulazimu kuongeza alama nyingine ya kuzituliza.