Sumu ya mikorosho na sumu ya chandarua ni ukoo mmoja

Mvua zikishakata na mikorosho kuanza kuchipua, mashine za kupulizia hazinyamazi Mtwara na Lindi. Viuadudu vingi vinavyopita kwenye mashine hizo ni vya kundi la pairethroidi: lambda-sihalothrini, saipamethrini na ndugu zao. Usiku, mkulima huyohuyo analala ndani ya chandarua chenye deltamethrini, pamethrini au alfa-saipamethrini, nazo ni pairethroidi vilevile. Zote hushambulia mfumo wa fahamu wa mdudu mahali pamoja, kwa hiyo mbu anayehimili moja mara nyingi huhimili na nyingine. Ndiyo maana swali la lini upulizie, na maji ya kusuuzia mashine uyamwage wapi, linawahusu hata majirani wasio na mkorosho hata mmoja.

Tuanze shambani. Mbu wa mikorosho (Helopeltis) ni mdudu mfyonzaji wa jamii ya kunguni, mwembamba, mwenye vipapasio virefu na kijiti kama pini kilichosimama mgongoni. Hutoboa chipukizi changa na kuingiza mate yenye sumu. Hapo hutokea doa la majimaji ambalo baadaye huwa jeusi: kwenye jani lina pembepembe, kwenye kikonyo ni refu. Chipukizi hukauka kuanzia nchani, na mti ulioshambuliwa sana huonekana kama umebabuliwa na moto. Wapo wanaoona hali hiyo wakaongeza salfa. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ambao ni ukungu na huacha unga mweupe kwenye maua na majani machanga. Hata ukirudia gramu 250 kwa mti kila baada ya siku 14, mdudu huyu ataendelea kufyonza.

Kagua shamba asubuhi mapema au jioni, kwani jua likiwa kali mdudu hujificha kivulini ndani ya mti. Chukua miti michache kila kona na mingine katikati. Kwa kila mti, tazama machipukizi 10 kila upande, jumla 40, na uandike mangapi yana madoa mabichi. Neno la msingi ni mabichi. Doa kavu jeusi ni habari ya zamani, na kupulizia kwa sababu ya doa hilo ni kumwaga hela. Kumbuka pia kwamba mayai hutagwa ndani ya chipukizi laini, ambako dawa nyingi za kugusa (zinazoua mdudu kwa kumgusa tu) haziyafikii. Anayepulizia mara moja kisha akaona watoto wa wadudu baadaye hulalamika kuwa dawa ni feki, kumbe ni mayai yaliyoanguliwa. Rudi ukague tena kabla ya kuamua lolote.

Ukiamua kupulizia, pima mashine kwanza kwa maji matupu. Weka lita 10, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu miti iliyoenea. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina miti 28 hivi. Lita 10 zikitosha miti 10, ekari itahitaji lita 28, na kiasi cha dawa kitokane na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Kifuniko cha chupa si kipimo, kwa sababu kila chupa ina kifuniko chake. Kisha soma jina la kiambata hai, yaani kemikali yenyewe inayoua mdudu, si jina kubwa la biashara: chupa mbili zenye rangi na majina tofauti zinaweza kuwa na lambda-sihalothrini zote mbili. Ukitaka kubadilisha kweli, badilisha kundi. Profenofosi, kwa mfano, ni ya kundi jingine, ila ikichanganywa na saipamethrini kwenye chupa moja bado unatumia pairethroidi.

Wapo pia askari wasiotaka mshahara: maji moto (Oecophylla longinoda), wale chungu wekundu wanaoshona majani. Utafiti uliofanyika Zanzibar miaka ya 1950 ulionyesha wanavyolinda minazi dhidi ya mdudu Pseudotheraptus wayi, ambaye hushambulia korosho pia. Anayetaka kuwahamishia shambani ajue jambo moja: makoloni mawili yakikutana hupigana hadi kumalizana. Chukua chungu mmoja umweke kwenye mti wa pili. Wakimvamia, hao si wa koloni moja. Hamisha viota vya koloni moja tu pamoja na malkia wao, unganisha miti yao kwa kamba, wape maji ya sukari (gramu 200 hadi 300 kwa lita) na vipande vya samaki hadi wazoee. Ukipulizia kiuadudu juu yao, kazi yote imepotea.

Sasa maji ya kusuuzia. Viluwiluwi vya Anofelesi, mbu wanaoeneza malaria, huishi kwenye madimbwi yenye jua, mashimo ya matofali na majaruba ya mpunga. Ukisuuza mashine hapo, dawa hafifu huua walio dhaifu na kubakiza wanaohimili, ambao ndio watakaozaa kizazi kijacho. Haki itendeke: vyandarua navyo huchangia usugu, yaani hali ya mbu kuhimili dawa. Lakini sumu ya kwenye dimbwi haimkingi mtu yeyote. Suuza mara tatu, kisha pulizia maji hayo shambani, mbali na maji.

Usugu hupimwa hivi: mbu majike 20 hadi 25 wenye umri wa siku 3 hadi 5 huwekwa kwenye bomba lenye karatasi ya dawa kwa saa 1, kisha wafu huhesabiwa baada ya saa 24. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Kwa sababu hiyo vyandarua vimebadilika. Majaribio ya Muleba, mkoani Kagera, yalionyesha faida ya kuongeza PBO, inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuvunja sumu. Yale ya Misungwi, Mwanza, yalionyesha nguvu ya vyandarua vyenye klofenapiri, dawa ya kundi jingine, pamoja na pairethroidi, na Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2023.

Chandarua hakizuii kila mbu. Aedes huuma mchana na hupenda maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Mlipuko wa chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu hao, wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida na kila nyumba huyahifadhi, ndio ulioutambulisha ugonjwa huo kwa sayansi. Funika mitungi na matangi, na kila wiki mwaga maji na sugua kuta za ndani, kwa kuwa mayai hung'ang'ania hapo.

Chandarua kipya kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, si ya kuchakaza, na kikaushwe kivulini, maana jua hupunguza dawa. Na tafadhali, dawa ya mikorosho isitumike kukichovya wala kupulizwa chumbani. Kipimo chake ni cha shamba, na wanaolala humo ni watoto.